Namba za Mwamba wa Juu

Kila asubuhi kabla ya kengele ya shule nilikuwa na kazi moja yenye safari mbili. Kwanza nilisoma kipimajoto cha pwani, kilichopigiliwa ukutani kwenye nyumba ya kupokelea samaki. Halafu nilipanda kijia cha nyuma ya kanisa, dakika ishirini na tano kwa mtu asiye na haraka, hadi Mwamba wa Juu, nikasoma kipimajoto cha pili kilichomo ndani ya kisanduku cheupe cha mbao. Nikishuka, niliandika namba zote mbili kwa chaki kwenye ubao ulio mlangoni pa nyumba ya samaki. Pwani hivi, juu hivi. Wavuvi walipokuja kuchukua chambo waliutupia ubao jicho, wakaguna, wakaenda zao barafuni na mbwa wao.

Kazi hiyo ilikuwa ya babu yangu Enok kwa miaka mingi kuliko umri wangu. Alipofariki mwezi wa Oktoba, Mwalimu Hansigne alisema darasani kwamba afadhali ibaki kwa watoto wa shule, na darasa zima likageuka kunitazama. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nikasema sawa. Mwaka ule nilisema sawa kwa kila kitu.

Mgeni angeuliza kijiji chenye nyumba thelathini kina haja gani na vipimajoto viwili. Sisi wa Nuugaarsuk hatuulizi. Mbele yetu kuna ghuba iliyoganda, nyuma yetu kuna bonde linalopanda moja kwa moja hadi barafu kuu, na kulia na kushoto milima imetubana. Hewa ya baridi ni nzito. Siku ikiwa shwari huteremka bondeni taratibu, ikaja kutuama hapa chini penye nyumba zetu, na milima haiipi nafasi ya kutoka. Ndiyo maana pwani huwa nyuzi ishirini chini ya sifuri wakati kule mwambani ni kumi na nne tu. Chini baridi, juu nafuu. Tofauti huwa nyuzi tano, sita, saba, na mtoto wa kwetu anajua hilo kabla hajajua kufunga viatu vyake.

Tofauti ikikua ghafla, hapo ndipo watu hukaa nyumbani. Maana yake upepo mvuguvugu umeshavuka milima na unashuka. Upepo huo kadiri unavyoporomoka ndivyo unavyozidi kupata joto, na mwambani hufika kwanza. Huku chini baridi yetu bado imelala, wala moshi wa bomba la jiko hautikisiki. Unaweza kukaa dirishani na kahawa yako ukadhani siku ni njema. Baada ya saa chache baridi hiyo inafagiliwa yote kwa mpigo, theluji inageuka maji, na barafu ya ghuba inapasuka. Watu wa kijiji cha pili, ng'ambo ya rasi, mara nyingi hawauoni kabisa kwa sababu mlima umewakinga. Hao hupenda kututania kwamba wazee wetu walijenga mlangoni. Bibi yangu Eliisa, aliyezaliwa katika nyumba ya zamani ya udongo na mawe, huwajibu kwamba ni kweli. Nyumba zile ziliingiwa kwa njia ya chini chini ili baridi ibaki mlangoni, na kitanda kilikuwa juu penye joto. Sisi, anasema, tunalala mlangoni na kitanda tumewaachia kunguru.

Mwezi wa Januari mama alijifungua mtoto wa kiume, akapewa jina la babu. Kwetu jina la marehemu likipata mtoto, marehemu amerudi. Siku ya ubatizo nyumba ilijaa tangu asubuhi, watu wakiingia kwa zamu, wakinywa kahawa na kula keki na samaki wa kukausha, wakitoka kuwapisha wengine. Kila aliyeingia alimshika mtoto kale kamkono akasema, "Karibu tena, Enok." Wanaume wazima walilia huku wakicheka. Baba yangu, Pavia, alimwita mwanawe "baba" na kumwomba radhi kwa kisu chake alichokipoteza wakati wa kiangazi. Bibi alimwita "mume wangu" na kumgombeza kwa kurudi nyumbani bila jino hata moja.

Zamu yangu ilipofika nikamshika mkono. Ulikuwa mkono wa mtoto mchanga, basi. Nilingoja nisikie kitu, furaha au hata huzuni, na hakuna kilichokuja. Mama wa jirani aliniuliza kama nimefurahi babu amerudi. Nikamwambia nimefurahi sana. Ukweli ni kwamba moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama vidole vya mtu aliyesahau glavu: unaviona ni vyako, lakini havina habari na wewe.

Kijia cha Mwamba wa Juu kinapita katikati ya makaburi. Msalaba wa babu ni wa tatu kutoka njiani. Februari yote nilipita pale nikitazama viatu vyangu. Asubuhi moja mwanzoni mwa Machi nilisimama, nikasoma lile jina. Nikawaza kwamba nyumbani wanasema yuko kitandani ananyonya, hapa imeandikwa yuko chini ya mawe, na mimi sina kicheko kwa yule wala chozi kwa huyu. Nikajiona mtoto mbaya. Sikutaka kupita pale tena. Niligeuka nikashuka.

Ubaoni niliandika pwani kumi na nane chini ya sifuri, juu kumi na mbili chini ya sifuri. Hizo sita za tofauti nilizitoa kichwani. Mgeni angebuni kinyume, angeona kwa kuwa ni mlimani basi lazima kuwe na baridi zaidi, na angekamatwa siku hiyo hiyo. Mimi ni mzaliwa. Nilijua uongo wa kwetu unavyotakiwa kufanana na kweli. Kesho yake niliweka tano, keshokutwa saba, zisije zikalingana mno. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikwenda siku kumi na saba.

Wa pekee aliyenusa jambo alikuwa Naja, niliyekaa naye dawati moja, msichana ambaye mdomo wake haujui likizo. Siku moja aliinama akatazama viatu vyangu vya ngozi ya sili. "Inaluk, siku hizi unapanda kwa mabawa?" akaniuliza. "Kule makaburini theluji inafika magotini, na viatu vyako vikavu kama mkate wa juzi." Nilimwambia afunge domo. Akafunga, na hiyo si kawaida yake. Baadaye sana alinieleza kwamba alidhani huwa naishia pale kaburini kumlilia babu, akaona si vizuri kunichimba.

Jumanne ya siku ya kumi na saba ilikuwa shwari. Pwani ilikuwa ishirini na moja chini ya sifuri. Nilisimama mbele ya ubao, nikavuta pumzi, nikaandika juu kumi na tano.

Baba alikuja kuchukua chambo. Wiki nzima alikuwa akisema kwamba samaki wamepungua katikati ya ghuba, na kwamba nyuma ya rasi wapo wakubwa. Lakini nyuma ya rasi kuna mkondo, na penye mkondo barafu huwa nyembamba majira yote. Mtu haendi huko ila siku ambayo ana hakika nayo. Alisoma ubao, kisha akanigeukia.

"Juu kumi na tano, siyo?"

"Kumi na tano, baba."

"Umeona kwa macho yako?"

"Nimeona."

Alinipiga begani kwa glavu yake kubwa. "Basi leo naenda nyuma ya rasi," akasema. Akafunga mbwa wake kumi na mmoja kwenye sleji yake ya kuburutwa barafuni, akapakia mshipi wake mrefu wenye ndoana mamia, na saa mbili kasoro robo nilimwona akipungua ukubwa huko barafuni. Mimi nikaenda shule.

Saa nne na nusu tulikuwa tunafanya hesabu. Naja, ambaye kwa hesabu hutazama dirishani, alisema mlima unatoa vumbi. Kweli, kwenye ukingo wa juu kabisa theluji ilikuwa ikipeperuka kama unga unaopulizwa mezani. Mwalimu Hansigne alikuja dirishani akatazama kwa muda mrefu. Mumewe naye alikuwa barafuni siku hiyo. Chini kijijini moshi wa majiko ulikuwa umesimama wima.

"Ingekuwa mvuguvugu, Mwamba wa Juu ungekuwa umepanda joto tangu alfajiri," alisema. "Inaluk, leo uliandika ngapi?"

"Kumi na tano chini ya sifuri."

Alishusha mabega. Alisema basi huo ni upepo wa huko huko juu, hautushukii, tuendelee na ukurasa wa arobaini.

Nilifungua ukurasa wa arobaini. Ningependa kusema kwamba nilitetemeka, lakini sikutetemeka. Sikusikia hofu wala aibu. Nilikaa nikafanya hesabu nyingine, isiyo ya kitabuni: baba ameondoka saa mbili kasoro, saa mbili za mwendo hadi nyuma ya rasi, saa mbili za kurudi, na vumbi la mlimani tayari. Nikaona kwamba mwalimu ametulia kwa sababu yangu, na kwamba kila mtu kijijini atakayetazama mlima ule ataenda kusoma ubao, atasoma kumi na tano, naye atatulia. Hesabu haikutoka vizuri. Nikasimama.

"Mwalimu, sikupanda."

"Hukupanda wapi?"

"Mwambani. Ile namba nimeibuni."

"Leo?"

"Leo na jana. Tangu mwanzo wa mwezi huu."

Naja alinitazama kama ananiona leo. Mwalimu Hansigne hakunifokea. Aliniuliza kitu kimoja tu, baba yangu yuko wapi, nami nikasema yuko nyuma ya rasi. Alitoka akikimbia, koti mkononi na kichwa wazi, na sisi sote tukamfuata. Sijawahi kumwona mwalimu akikimbia tena tangu siku ile.

Katika nyumba ya samaki kuna redio ya kuwaitia wavuvi. Sleji saba zilikuwa nje. Mwalimu aliwaita mmoja mmoja, na kila aliyeitika aliambiwa aache kila kitu arudi, kwa maana namba ya juu ni ya uongo. Hakusema uongo wa nani. Waliitika sita, mumewe akiwa wa tatu. Baba hakuitika. Hilo halikumshangaza mtu, kwani nyuma ya rasi mlima huziba redio, na ndiyo sababu nyingine ya watu kutopenda kwenda huko.

Tittus, baba yake Naja, siku hiyo hakuwa amekwenda kuvua kwa sababu ya jino bovu. Shavu likiwa limevimba hivyo hivyo, alipanda pikipiki yake ya theluji na kuelekea ncha ya rasi, mahali ambapo redio inafika pande zote mbili. Tulimsikia kwa muda, kisha hatukumsikia.

Watu walikusanyika pwani. Mama alikuja na mtoto mgongoni ndani ya kofia kubwa ya koti lake. Alikuwa ameshaambiwa, nilijua kwa jinsi alivyonipita bila kunitazama. Bibi Eliisa alikuja nyuma yake, akasimama karibu nami, akashika kofia ya koti langu kwa nyuma kama wanavyoshikwa watoto wadogo wasije wakatumbukia majini. Hewa ilikuwa shwari kabisa na mzee mmoja akaanza kunong'ona kwamba labda tumehangaishwa bure.

Saa sita kasoro robo moshi wa bomba la kanisa ulilala. Halafu tukausikia wenyewe, ukinguruma kutoka bondeni, na mara ukatupiga usoni, wenye joto, joto la aibu katikati ya Machi. Theluji ya mapaa ilianza kuporomoka. Mbwa waliofungwa miambani walisimama wote. Nilikuwa nimesimama karibu na kipimajoto cha pwani, nikauona wekundu wake ukipanda, kumi na nane, kumi na moja, nne, sifuri, ukapita. Mkono wangu ulichukua chaki ukaandika ubaoni nyuzi tano juu ya sifuri. Ilikuwa namba ya kweli, na haikuwa na kazi tena kwa mtu yeyote.

Sleji sita zilifika, mbwa wakikanyaga maji. Baadaye kidogo Tittus alirudi. Alisema amempata Pavia kwenye redio, amemwambia, na Pavia amejibu neno moja, kwamba anakata mshipi. Kisha upepo ukashuka. Tittus alijaribu kumfuata, akakuta ufa umefunguka kutoka rasi hadi katikati ya ghuba, mpana kama nyumba mbili, na maji meusi yanachemka ndani yake. Ng'ambo ya ufa hakuona kitu.

Tulingoja. Mwalimu Hansigne alileta kahawa, hakuna aliyekunywa. Nilijaribu kumfikiria baba majini, na akili ilikataa kufika huko. Ilifika kwenye glavu yake tu, ikarudi. Watu walisimama wakitazama ghuba.

Saa tisa mbwa wote wa kijiji walibweka kuelekea upande mwingine, upande wa kanisa. Baba alikuwa anashuka kwa kijia cha makaburini. Alikuwa ameloa hadi kifuani, mguu mmoja hauna kiatu, ameufunga kwa glavu na kamba. Nyuma yake walimfuata mbwa saba. Sleji haikuwapo.

Mama alimfikia kwanza. Mimi nilibaki niliposimama. Alipofika mbele yangu akasimama, midomo yake ikiwa ya buluu.

"Nimepita mwambani," alisema. "Kipimajoto kinasema nyuzi nane juu ya sifuri. Na kwenye kisanduku hapana unyayo hata mmoja."

"Nimeshasema, baba. Nimemwambia mwalimu."

"Najua umesema. Tittus aliniambia redioni, mtoto hakupanda. Angesema tu nirudi, ningevuta mshipi wangu kwanza, saa nzima ile. Nilipojua hakuna aliyepanda, niliukata." Alivuta pumzi. "Nilifika karibu na nchi kavu ndipo barafu ikafunguka chini yetu. Wanne wamezama na sleji. Mweusi ni mmoja wao."

Mweusi alikuwa mbwa wake kiongozi. Aliwahi kumrudisha nyumbani katika ukungu ambamo baba hakuona mkono wake mwenyewe. Baba alinipita akaingia ndani.

Nyumbani Bibi alimkalisha, akamvua ile glavu, akauchukua mguu mweupe kama nta akauweka tumboni mwake mwenyewe, ngozi kwa ngozi, chini ya nguo. Baada ya muda baba alianza kugumia kwa maumivu. Ni mtu aliyeshonwa kiganja bila kukunja uso, lakini siku hiyo aligumia mpaka mtoto naye akaanza kulia. Bibi akamwambia baba alie tu, kinachouma hakijafa.

Sikupigwa. Ningependelea kupigwa. Baba aliniambia kwamba asubuhi nitasimama ubaoni, wavuvi watakapokuja kuchukua chambo, na nitawaambia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine. Nikasema sawa. Alinitazama kama mtu aliyechoshwa na neno hilo.

Asubuhi nilisimama. Niliwaambia, "Tangu tarehe moja sikupanda. Namba za juu zilikuwa za kubuni. Nisameheni." Tittus alinitikisia kichwa, shavu likiwa bado kubwa. Wengine waliguna. Mmoja, mzee mfupi ambaye sikuwahi kuzungumza naye, alisimama akanieleza taratibu kwamba wiki iliyopita alimchukua mjukuu wake wa miaka sita barafuni kwa sababu ya namba yangu. Hakunitukana. Alitaka tu nijue, akaenda zake.

Walipokwisha, Mwalimu Hansigne alikuja na kitambaa, akafuta ubao wote.

"Siku ile ya kwanza ungeandika nini, kama usingebuni?" aliniuliza.

"Nisingekuwa na cha kuandika."

"Basi ungeacha pale patupu. Mvuvi akikuta patupu anajua kwamba hajui. Atapanda mwenyewe, au atakaa nyumbani na hofu yake, na hofu hiyo itamlinda. Wewe ulimpa namba ya uongo, ukamwondolea hata hofu. Kutokujua hakujamzamisha mtu kwetu, Inaluk. Kinachozamisha ni kudhani unajua." Alinirudishia chaki. "Kazi bado ni yako. Haya, panda."

Nilikuwa nimetumaini wataninyang'anya. Nilipogeuka nikamkuta Bibi amesimama na fimbo yake, mtoto Enok mgongoni, akasema atanisindikiza. Bibi ana magoti mabovu. Tulikwenda mwendo wa kobe hadi makaburini, na kwenye msalaba wa tatu akasimama kupumua. Nikatazama viatu vyangu.

"Watu wamekuuliza kama umefurahi babu yako amerudi," alisema. "Ukawajibu umefurahi. Mimi pia nilikuuliza. Sasa nakuuliza tena, na sitaki namba ya kubuni."

"Sisikii kitu, Bibi," nikamwambia. "Si kwa huyu mgongoni, wala kwa yule pale. Tangu Oktoba. Hata jana baba alipokuwa hajulikani alipo, sikusikia kitu. Nadhani nimeharibika."

Nilidhani atashtuka. Alimpandisha mtoto vizuri mgongoni.

"Mimi nilikaa miaka miwili hivyo alipofariki mama yangu," alisema. "Na huyu namwita mume wangu, namgombeza, watu wanacheka. Siku nyingine nasikia kweli amerudi. Siku nyingine namwona ni mtoto tu ameloa. Leo ni ya mtoto ameloa." Akachomeka fimbo thelujini. "Hujaharibika. Umekufa ganzi, na ganzi huachia kwa wakati wake, haiamriwi. Lakini nisikilize. Ukiniambia u mzima, nitakuamini, nitakaa nyumbani, na wewe utakuwa huko peke yako kama baba yako jana nyuma ya rasi. Ukiniambia huna kitu, nitakuja. Siwezi kuja mahali ambapo sijaambiwa."

Hatukulia, wala hatukukumbatiana. Upepo ulikuwa umekwisha tangu alfajiri na baridi ilikuwa imeanza tena kushuka bondeni kurudi mahali pake. Tulipanda. Mtoto alilala. Mwambani nilifungua kisanduku, Bibi akataka asome na yeye, akasema macho yake hayaoni vistari vile, nikamsomea. Tisa chini ya sifuri. Pwani tulikuta kumi na tatu. Tofauti nyuzi nne tu, namba ambayo nisingeibuni kwa sababu isingefanana na siku ya kawaida, lakini ndiyo iliyokuwapo, nikaiandika.

Nyumbani mama alikuwa akimfunga baba mguu. Aliniuliza bila kugeuka kama mimi ni mzima. Nikamwambia hapana, bado. Mama akaacha bandeji, akageuka, akanitazama usoni kwa mara ya kwanza tangu jana, akanisogezea nafasi kwenye benchi.

Bibi alipanda nami kesho yake, na keshokutwa, na kila asubuhi, na magoti yake yale yale mabovu, mpaka barafu ya ghuba ilipoondoka mwezi wa Juni.